Diploma ya Universite na Sifa Yake



Baba mmoja wa hapa Fungurume alitujia na huzuni. Aliuza shamba lake ili mtoto asome katika universite yenye jina kubwa. Sasa kijana ana lisansi ndani ya bahasha, na kila asubuhi anasimama mlangoni pa kompani pamoja na wale walioacha shule. «Baba Padiri, walitudanganya?» Hatukuweza kumjibu upesi. Turudi kwanza nyuma.

Mbele ya mwaka wa 1954 hakukuwa universite hata moja katika inchi yetu. Mtu mweusi aliyetaka masomo marefu, njia yake ilikuwa seminari. Stefano Kaoze alikuwa mseminari bado, mwaka wa 1910, maandiko yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu yalipoanza kuchapwa katika La Revue congolaise. Akapewa upadiri mwaka wa 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabeleji, wala hakuwa na diploma ya universite. Naye Joseph Kasa-Vubu alisoma filosofia katika seminari kubwa ya Kabwe. Alipotoka akawa mwalimu, kiisha karani.

Basi mwaka wa 1954 Lovanium ikafunguliwa karibu na Léopoldville, binti wa Louvain ya Ubeleji. Haikuwa jina tupu: mwaka wa 1959 ilipata mtambo wa nguvu za atomu, wa kwanza katika Afrika. Lakini sifa ya diploma ilitoka vilevile mahali pengine. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza universite walikuwa wachache mno. Hesabu inayotajwa mara nyingi haipiti 30. Na viti vya Wabeleji walioondoka vilikuwa wazi. Mwenye diploma aliingia ofisini moja kwa moja, akapewa nyumba na motokari. Wazee wetu waliona hayo kwa macho, wakawasimulia watoto wao.

Mwezi wa Septemba 1960 Kanali Mobutu aliweka serikali mikononi mwa wasomi, wengine wanafunzi bado, na Justin Bomboko mbele yao. Walitawala mpaka Februari 1961. Wakati wao, tarehe 17 Januari, Lumumba, karani wa posta wa zamani, alipelekwa kwa ndege Elisabethville, akauawa usiku uleule. Hatusemi universite iliwafundisha hayo. Lakini watu walitumaini elimu ingewazuia, na haikuwazuia.

Mwaka uleule wa 1960, pale Lovanium, Padiri Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi na mwanafunzi bado, alishindana kwa maneno na mwalimu wake, Kanoni Vanneste, kama teolojia ya Kiafrika yawezekana. Hapo, kwa maoni yetu, universite ilistahili jina lake kuliko kwa mtambo wake. Tshibangu akawa rekta mwaka wa 1967. Mwaka wa 1971 Lovanium iliunganishwa na nyingine kuwa universite moja ya taifa. Jina likaondoka, sifa ikabaki, kama harufu ya tumbako nyumbani mwa mvutaji aliyehama.

Tulimwambia yule baba kwamba mtoto wake alisoma kweli, ila viti vimejaa zamani. Akauliza kama ampeleke binti yake mdogo palepale. Sisi tukamwuliza kama kule kuna vitabu, na kama walimu wanaingia darasani. Hakujua. Alisema atamwuliza kijana jioni, akirudi kutoka mlangoni.