Lita za Ziwa Tanganyika: namba ndefu na kamba iliyokatika

Vitabu vya jiografia hulipa Ziwa Tanganyika ujazo wa kilometa za ujazo 18,900. Kilometa moja ya ujazo ni lita trilioni moja, kwa hiyo ziwa lina lita 18,900,000,000,000,000. Namba hiyo ya tarakimu 17 hugawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10, na ina vigawo 1,800. Ukiichambua hadi namba tasa, unapata 2 na 5 mara 14 kila moja, 3 mara tatu na 7 mara moja. Lakini sifa hizo ni za namba iliyoandikwa, si za maji yaliyomo ziwani, na historia ya kulipima ziwa inathibitisha hivyo.

Wasafiri Burton na Speke walifika Ujiji, kando ya ziwa, mwaka 1858, na kina cha ziwa kikabaki fumbo. Msafiri mwingine, Livingstone, alitia bildi, yaani kamba yenye risasi ya kupimia kina, mkabala na mlima Kabogo mwaka 1869, akahesabu pima 326, karibu mita 600. Kamba ikakatika ikivutwa juu, asione kama risasi iligusa tope. Kina kikubwa kabisa, mita 1,470, kilithibitika kwa msafara wa Wabelgiji wa 1946 hadi 1947, waliopima kwa mwangwi wa sauti, na André Capart akachora ramani ya sakafu. Zidisha eneo la karibu kilometa za mraba 32,900 kwa kina cha wastani cha mita 570 na ushei, unakaribia 18,900. Basi tarakimu tatu za mwanzo zimetoka kwenye vipimo, na sifuri zinazofuata zinajaza nafasi tu.

Isitoshe, ziwa halitulii. Mto Lukuga, unaotoa maji ziwani, ulipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yalishuka mita kadhaa na ufuko wa Ujiji ukasogea. Mwaka 2020 na 2021 yakapanda tena. Mita moja tu ya kupanda huongeza karibu kilometa za ujazo 32.9. Namba inakuwa 18,932,900,000,000,000, jumla ya tarakimu zake ni 32, na haigawanyiki tena kwa 3, sembuse kwa 9.

Mtu atasema sifa za namba hazibadiliki kwa sababu ya mvua. Ni kweli: 189 yenye sifuri 14 ina vigawo 1,800 hata ukiitumia kuhesabu dagaa. Kosa ni kulihamishia ziwa sifa hizo. Mwingine atauliza, basi namba hii ina faida gani? Ukubwa wake unatosha kutuambia kwamba hapa ipo takriban sehemu moja kati ya sita ya maji baridi ya juu ya ardhi yasiyoganda duniani, na hilo halitikiswi na mita moja. Waandishi wa vitabu vya shule waandike “takriban 18,900”, na walimu wawaeleze wanafunzi ni tarakimu zipi zilizopimwa.