Mchongaji, Tawi na Usiku wa Manane

Milimani ya Kisumu majina hutundikwa malangoni. Panda kutoka mjini jioni, jua likizama ziwani, utasoma vibao kimoja baada ya kingine: Otieno, Patel, Okoth, Shah, Owuor. Anayejua Kijaluo husoma humo saa na majira: Otieno amezaliwa usiku, Okoth mvua ikinyesha, Owuor usiku wa manane. Anayejua Kigujarati huona katika Patel mkuu wa kijiji. Majina mawili ya Wayahudi wa Ujerumani hayamo kwenye vibao hivi, lakini yamegusa historia ya ziwa letu kuliko wengi wanavyodhani: Schnitzer na Zweig.

Kwa karne nyingi Wayahudi wa Ulaya ya Kati walitajana kama tulivyotajana sisi, fulani mwana wa fulani, na jina la baba likapokewa na jingine kila kizazi. Serikali zilizotaka kodi na askari zilichoshwa na utaratibu huo. Mfalme Joseph II wa Austria alitoa amri ya majina ya ukoo mwaka 1787. Prussia ilifuata tarehe 11 Machi 1812: Myahudi aliyetaka uraia alipewa miezi sita ajichagulie jina lisilobadilika. Wengine walishika jina la mji wa asili, kama Oppenheimer. Rothschild, yaani ngao nyekundu, ilikuwa alama ya nyumba katika mtaa wa Wayahudi wa Frankfurt. Wapo waliochukua jina la kazi, na wapo waliookota neno tamu tu, waridi au dhahabu au mlima. Ndiyo maana watu wawili waitwao Rosenberg si lazima wawe na damu moja.

Msomaji wa Kisumu, naamini, huelewa jambo hili upesi kuliko msomaji wa London. Hapa kwetu sheria ya kipande, yaani cheti cha kujitambulisha, ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu. Mwanamume aliyejulikana kijijini kwa jina lake na la baba yake, wuod fulani, aliandikwa na karani, karatasi ikatiwa katika kijisanduku cha bati, naye akakivaa shingoni. Polepole jina la baba likaganda. Leo yupo Owuor aliyezaliwa saa sita mchana, kwa kuwa aliyezaliwa usiku wa manane ni babu yake.

Schnitzer maana yake mchongaji. Isaak Eduard Schnitzer alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, katika jimbo la Silesia, chini ya amri ile ile ya Prussia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na alifariki mapema. Mama akaolewa na Mkristo, watoto wakabatizwa. Kijana alisomea udaktari, lakini alizuiwa kufanya kazi hiyo Ujerumani, akahamia milki ya Waturuki. Mwaka 1875 alifika Khartoum, na huko akajulikana kwa jina la Mehemet Emin. Kwa Mswahili neno Emin halihitaji mfasiri, maana limetoka katika mzizi ule ule wa amini na amana. Mwaka 1878 akawa gavana wa Equatoria, kusini mwa Sudan.

Vita vya Mahdi huko Sudan vilipomfungia njia, Ulaya nzima ikataka kumwokoa. Mvumbuzi Stanley alimfikisha Bagamoyo Desemba 1889. Huku kwetu Mwingereza Frederick Jackson alikuwa amefika Mumias kwa shughuli hiyo hiyo, na mapema mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters naye akaingia Mumias akimtafuta mtu ambaye tayari alikuwa pwani. Peters akaacha bendera na mikataba, na mashindano ya Waingereza na Wajerumani juu ya Uganda yakapamba moto. Mwaka huo huo Emin alirudi ziwani akiwatumikia Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba. Aliuawa Kongo mwaka 1892.

Zweig ni tawi la mti. Stefanie Zweig alizaliwa mwaka 1932 mjini Leobschütz, Silesia hiyo hiyo. Baba yake, Walter, alikuwa wakili aliyepokonywa kazi na Wanazi. Familia ilihamia Kenya mwaka 1938. Agosti mwaka huo Ujerumani ikatunga sheria nyingine ya majina: kuanzia Januari 1939 mwanamume Myahudi aongezewe Israel, na mwanamke Sara. Serikali iliyokuwa imewadai jina ili iwape uraia sasa ikawabandika jina ili iwatenge. Sijui unyama wa karatasi ulio wazi kuliko huo.

Familia iliishi Kenya hadi mwaka 1947, ikarudi Ujerumani. Mwaka 1995 Stefanie alitoa riwaya ya maisha hayo, *Nirgendwo in Afrika*, na filamu yake ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Mhimili wa riwaya ni mpishi Mjaluo, ambaye katika filamu aliigizwa na Sidede Onyulo. Jina lake Owuor. Anawapikia wageni, anamlea mtoto, anamfundisha baba kuishi katika nchi asiyoijua.

Katika riwaya Stefanie hakuiita familia yake Zweig. Aliiita Redlich, neno la Kijerumani lenye maana ya mtu mnyofu, mkweli. Nilipolitambua hilo nilifunga kitabu kwa muda. Watoto wawili wa Silesia, mmoja akiacha jina la mchongaji na mwingine akificha jina la tawi, na wote wawili wakashika neno moja: mwaminifu.

Oppeln leo ni Opole na Leobschütz ni Głubczyce, miji ya Poland. Stefanie Zweig alifariki Frankfurt mwaka 2014. Na shomoro yule wa rangi ya hudhurungi nzito, anayeonekana hapa Kenya hata kwenye mafunjo, tangu mwaka 1880 ana neno *eminibey* katika jina lake la kisayansi, ambalo leo ni *Passer eminibey*, shomoro wa Emin Bey.