Karai la Feri na Mshahara wa Baba

Waingereza waliiendesha Dar es Salaam kama mji wa vibarua wanaume. Bandarini walitakiwa wanaume, relini wanaume, hata jikoni kwa Mzungu alipika boi. Mshahara wa kuli ulipangwa kana kwamba hana mke wala mtoto. Mwanamke wa mjini akajitafutia mwenyewe: maandazi, vitumbua, pombe, samaki wa kukaanga.

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru, aliwapata hao hao, wengi kupitia vikundi vya ngoma. Watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na chama cha siasa. Muuza vitumbua angefukuzwa kazi na nani?

Baada ya uhuru sheria zilikuja. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimthibitishia mke haki ya kumiliki mali yake, na likizo ya uzazi yenye malipo ikawafaa walimu, manesi na makarani. Nzuri zote, ila muuza samaki hana mwajiri wa kumwomba likizo.

Kwa maoni yangu, kilichowatoa wanawake wengi majumbani ni kuporomoka kwa mshahara wa baba. Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda vilikwisha 1979 vikiacha hazina tupu. Mafuta yakaadimika, viwanda vikazorota, na mshahara ukawa haufiki katikati ya mwezi. Mradi wa mama, ulioitwa wa kununulia chumvi, ndio ukalipa ada na unga. Na katikati ya dhiki hiyo ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, kuwasaka wasio na kazi inayotambulika. Wachuuzi wadogo nao wakakumbwa!

Leo biashara hiyo inaonekana Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Soko la sasa, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lina mnada wake na sehemu yake ya kukaangia. Wanawake wapo sehemu zote mbili, lakini kwenye vyombo vya uvuvi ni nadra, na kwenye zabuni kubwa wanaume ndio wengi. Mnada huanza alfajiri, saa ambayo mama anawaandaa watoto kwenda shule, tena unataka fedha taslimu. Asiye nayo huchukua samaki kwa mali kauli, akaange, auze, arudishe deni, na kinachobaki ndicho mshahara wake wa siku.