Kiapo cha Kunyamaza: Dzaleka na Historia ya Ujasiri wa Wanahabari

Makala haya yanatoa hoja kwamba historia ya ujasiri wa wanahabari nchini Malawi haikamiliki bila kuitazama Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kugeuzwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza walimofungwa wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Jina hilo la Kichewa hufasiriwa kuwa "sitarudia tena". Ndicho kiapo ambacho dola ilitaka kukisikia kwa kila aliyethubutu kusema.

Wapo waliokikataa. Mkwapatira Mhango, mwandishi aliyekuwa uhamishoni Lusaka, aliuawa pamoja na jamaa zake Oktoba 1989, nyumba yake iliposhambuliwa kwa mabomu ya petroli. Katiba iliyofuata utawala wa Banda ililinda uhuru wa vyombo vya habari. Hata hivyo, Aprili 2022 polisi walimkamata Gregory Gondwe, mwandishi wa habari za uchunguzi, wakimtaka ataje chanzo cha habari zake. Mwanzoni mwa 2024 alilazimika kujificha baada ya kuandika juu ya manunuzi ya jeshi.

Wakazi wengi wa Dzaleka ya leo wametoka katika nchi zenye kumbukumbu kama hizo. Mjini Bukavu, Serge Maheshe wa Radio Okapi alipigwa risasi Juni 2007; nchini Burundi, Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alitoweka Julai 2016. Palipokuwa gereza, sasa redio ya jamii iitwayo Yetu hutangaza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo.

Lakini mtangazaji mkimbizi anahitaji kibali ili atoke kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwamo, warejee Dzaleka. Hivyo, anayetangaza habari za wakimbizi hawezi kufika kwa uhuru kwenye ofisi zinazoamua hatima yao.

Kumuenzi mwanahabari, basi, kusiishie kwenye tuzo. Watunga sera wampe kibali cha kudumu cha kusafiri kikazi. Nasi watafiti wa Kiswahili tuhifadhi matangazo yake kama nyaraka za historia. Tusipofanya hivyo, gereza litakuwa limefungwa, ilhali kiapo chake kingali hai.