Sydney: Kuishi na mbwa mwenye saratani ya ngozi

Katika nyumba nyingi za mji wa Sydney, nchini Australia, habari huanza na kinundu kidogo, mfano wa punje ya choroko, ambacho mkono hukigusa jioni mbwa anapopapaswa.

Kinundu hicho chaweza kuwa mafuta tu yasiyo na madhara. Chaweza pia kuwa uvimbe wa seli za masti, saratani ya ngozi inayowapata mbwa kuliko saratani nyingine yoyote ya ngozi. Kwa kutazama tu, hata daktari hawezi kutofautisha.

Seli za masti ni nini?

Seli hizi, alizozieleza mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich mwaka 1878, ni miongoni mwa walinzi wa mwili. Hukaa kwenye ngozi, mapafu na matumbo, zikiwa zimebeba kemikali kama vile histamini na heparini.

Zinapogeuka kuwa saratani, kemikali hizo humwagika ovyo. Ngozi huwasha na kuwa nyekundu, na uvimbe waweza kutuna leo na kunywea kesho. Kunywea huko huwahadaa wengi wakadhani mbwa amepona.

Histamini nyingi huongeza asidi tumboni na kusababisha vidonda. Dalili zake ni kutapika, kukataa chakula na kupata choo cheusi kama lami.

Mbwa wa aina ya Boxer, Pug, Labrador na Staffordshire Bull Terrier wamo katika hatari zaidi. Ugonjwa huu hauwaambukizi binadamu wala mbwa wengine.

Daraja la ugonjwa

Daktari wa wanyama huanza kwa kuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kuzitazama seli kwa darubini. Kipimo hicho hakihitaji mitambo ya gharama kubwa, na chaweza kufanyika Nairobi au Dar es Salaam kama kinavyofanyika Sydney.

Uvimbe ukithibitishwa, tiba ya kwanza kwa kawaida ni upasuaji. Daktari hukata pia nyama inayoonekana nzima kuuzunguka, mara nyingi sentimita 2 hadi 3, kisha nyama hiyo hupelekwa maabara.

Jibu la maabara ndilo linaloamua mengi. Kwa mujibu wa utafiti ulioongozwa na Matti Kiupel wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, nusu ya mbwa wenye ugonjwa wa daraja la juu walikufa kabla ya kutimia miezi 4. Kwa wale wa daraja la chini, zaidi ya nusu waliishi kupita miaka 2.

Tiba na gharama

Chuo Kikuu cha Sydney, kilichoanza kufundisha udaktari wa wanyama mwaka 1910, kina hospitali ya wanyama katika eneo la Camperdown. Zipo pia hospitali za binafsi zenye mabingwa wa saratani.

Hata hivyo, Medicare, mpango wa serikali wa kugharamia matibabu ya binadamu, hauwahusu wanyama. Mwenye mbwa hulipa mwenyewe, au hutegemea bima ya binafsi, ambayo kwa kawaida hailipii maradhi yaliyokwisha kujulikana kabla ya kujiunga.

Mbali na upasuaji kuna tiba ya mionzi, dawa za kemikali, na vidonge vya toceranib vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2009.

Australia yenyewe imetoa dawa nyingine. Tigilanol tiglate hutokana na mbegu za mti wa Fontainea picrosperma, unaoota katika misitu ya mvua ya kaskazini mwa jimbo la Queensland. Iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2020, na baadaye Australia.

Dawa hiyo hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe. Katika majaribio yaliyofanyika Marekani, uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 75 ya mbwa baada ya sindano moja. Lakini haiwafai mbwa ambao saratani yao imekwisha kuenea, na huacha kidonda kikubwa kinachochukua wiki kadhaa kupona.

Maisha ya nyumbani

Wataalamu hushauri mwili mzima wa mbwa upapaswe kila mwezi, na kila kinundu kiandikwe mahali kilipo, ukubwa wake na tarehe. Kinundu kisiminywe, kwani kukiminya huchochea histamini.

Dawa za kuzuia asidi na histamini hutolewa kwa saa zilizopangwa. Anayeshika vidonge vya saratani au kusafisha kinyesi avae glavu, na mama mjamzito aepuke kazi hiyo.

Lililo gumu zaidi ni kujua wakati wa kukoma. Sheria za Australia zinamruhusu daktari kumaliza maisha ya mnyama kwa sindano isiyo na maumivu. Baadhi ya familia huweka alama kwenye kalenda, siku njema na siku mbaya. Mbaya zinapozidi, humwita daktari.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mbwa hafichi kwa kutaka. Hana lugha ya kusema. Kwa hiyo kinundu kipya kipimwe mapema, hata kama kimenywea.