Kopi ndogo ndiyo inafika: historia fupi kwa sisi wa rezo dhaifu

Wadogo zangu wa Kitshanga wanaosoma kompyuta wananiulizaka: "Yaya, projekti yangu ina mega 200. Nitaituma Goma namna gani na rezo hii?" Jibu liko ndani ya historia.

Miaka ya 1970, Douglas McIlroy wa Bell Labs, Marekani, alitengeneza diff, programu inayolinganisha faili mbili na kuonyesha mistari iliyobadilika tu. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa patch, inayoingiza mabadiliko hayo kwenye faili ya zamani. Mwaka 1996, kule Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wakatangaza rsync: mashini mbili zinalinganisha alama za vipande vya faili, na kinachokosekana ndicho kinasafiri. Linus Torvalds akaanzisha Git mwaka 2005. Miaka miwili baadaye ikapata amri ya git bundle, inayofunga historia ya projekti ndani ya faili moja.

Kwetu huku ubahili huo ni wa zamani. Mwanzo wa miaka ya 1990, kabla ya intaneti, Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere walitumia FidoNet. Barua zilikusanywa, zikagandamizwa, kisha zikapitia laini ya simu hadi London, juu simu ya nje ilikuwa bei kali. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009 tu.

Sasa tupige hesabu. Kwa kilobiti 20 kwa sekunde, mega 200 zinachukua karibu saa 22. Mabadiliko ya wiki moja, tuseme kilobaiti 300, yanachukua dakika mbili.

Kwa hiyo kopi nzima ya kwanza iende Goma ndani ya flashi, hata mikononi mwa motari wa njia ya Sake. Kisha weka alama pale ulipoishia. Kila wiki funga yale tu yaliyokuja nyuma ya alama, uyatume kwa simu. Mwenzako wa Goma aipime kwa git bundle verify, halafu aiingize kwenye kopi yake. Angalia: bundle haibebi kazi ambayo hujaisajili kwenye Git, na bila ile kopi ya kwanza kifurushi cha wiki hakifunguki. Picha na video nazo hazipungui sana.

Kwa nini ninasisitiza? Mwaka 2013 vita vilichoma sehemu ya mji wetu. Januari 2023 M23 iliingia, watu wakakimbia tena. Mzazi aliyebeba mtoto na godoro hawezi kuongeza kompyuta ya mezani. Kazi ya miaka mitatu inabaki nyumbani, na mwanafunzi anafika kambini bila kitu cha kuonyesha jury.

Mwenye projekti, chagua leo mtu mmoja Goma, Bukavu au Kampala wa kukutunzia kopi. Tuandikieni hapa chini: kifurushi chenu cha wiki kina kilobaiti ngapi?