Mashujaa Waliofunga Midomo

Sisi vijana tumezoea shujaa mwenye sanamu. Mimi wananivuta wasio nayo. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka, Uingereza ilihofu Wajerumani wangevuka bahari. Ofisa wa jeshi, Colin Gubbins, akapewa kazi ya kuunda vikundi vya siri. Waliochukuliwa ni wakulima, hata majangili: watu waliojua kila kichaka cha kwao. Wakachimbiwa mahandaki msituni. Adui akija, mchana wazame humo, usiku watoke kulipua reli na maghala yake. Walikadiriwa kuishi wiki mbili tu. Wake zao hawakuambiwa kitu. Wengine mtaani waliitwa waoga. Adui hakuja, na Novemba 1944 vikundi vikavunjwa kimyakimya. Basi, ndugu mwandishi, ukisaka hadithi, muulize na yule mzee mkimya.